Namna ya Kurusha Mfano wa Chombo cha Anga kwa Puto la Hali ya Hewa na Kuupata Tena

Tarehe 31 Desemba 2011, kijana wa Kiromania aitwaye Raul Oaida alirusha kutoka Ujerumani mfano mdogo wa chombo cha anga uliojengwa kwa Lego, wenye umbo la vile vyombo vya anga vya Marekani (space shuttle) vilivyostaafishwa mwaka huohuo, nao ukapanda hadi kilomita 35 hivi. Haukubebwa na roketi, bali na puto la mpira la aina ileile ambayo vituo vya hali ya hewa hurusha kila siku. Mapema mwaka 2012 wanafunzi wawili wa Toronto walifanya kazi kama hiyo kwa boksi la foamu na parachuti waliyoishona wenyewe, wakafika takriban kilomita 24. Tuliziona picha zao kwa sababu kamera ziliokotwa zikiwa nzima. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza ya kuchora mfano wako, kila uamuzi upimwe kwa swali hili: je, utausaidia kurudi?

Anza na ruhusa, kwa maana ndiyo huchukua muda mrefu kuliko ujenzi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huliweka puto lenye mzigo wa chini ya kilo 4 katika kundi jepesi, lakini hilo halikupi haki ya kurusha utakapo. Nchini Kenya utaiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na Tanzania utaiandikia mamlaka ya huko, ukieleza mahali, siku, saa, uzito na njia inayotarajiwa, ili marubani wapewe notisi. Puto halitakiwi kuvuka mpaka bila idhini ya nchi ya pili, jambo linaloziondoa sehemu nyingi za kurushia zilizo karibu na mpaka. Redio ya kutuma mahali lilipo puto nayo ina masharti yake, kwa hiyo ni busara kushirikiana na mwenye leseni ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda, si kwa biashara.

Kuhusu mfano wenyewe, nashauri wasomaji wa Afrika Mashariki wafikirie setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ina historia inayotuhusu, na umbo lake linajengeka kwa urahisi: mwili wa mviringo kama mkebe, na mbawa nne za paneli za jua zilizotanda pembeni. Mbawa hizo ndizo zitakazokufundisha kazi, kwa sababu kitu chembamba kinachochomoza ndicho huvunjika kwanza. Zikate kwa ubao mwembamba wa balsa au plastiki nyepesi, kisha upitishe kijiti kimoja cha nyuzi za kaboni kutoka ubawa mmoja hadi wa upande wa pili, kikipenya mwilini. Ubawa uliogandishwa ubavuni kwa gundi peke yake haudumu. Gundi ya moto inayotoka kwenye bunduki ya umeme huwa ngumu na kukatika katika baridi kali, kwa hiyo tumia epoksi, kisha funga kwa uzi.

Toboa matundu madogo katika kila sehemu iliyofungwa. Katika kilomita 30 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 1 tu ya ile ya ufukweni, na hewa uliyoifungia ndani ya mkebe itatafuta njia ya kutoka kwa nguvu. Usipake rangi nyeupe inayong'aa, maana jua la huko juu halina wingu wala vumbi la kulipunguza, na kamera itauonyesha mfano wako kama doa jeupe lisilo na sura. Rangi ya kijivu au ya dhahabu iliyofifia hutoa picha nzuri zaidi. Uzito wote wa mfano usizidi gramu 150.

Mfano hukaa mbele ya kamera kwenye fimbo nyepesi inayotoka ndani ya boksi la foamu, kama yale ya kuhifadhia samaki. Pima umbali kwa kutazama picha yenyewe: upeo wa macho uonekane nyuma ya mfano, na mfano usijaze zaidi ya theluthi moja ya fremu. Ndani ya boksi weka kamera, betri za lithiamu za kutumia mara moja, zisizoweza kuchajiwa upya, ambazo hustahimili baridi kuliko zile za kawaida, na pakiti za kunyonya unyevu ili lenzi isipate ukungu. Jambo moja huwashangaza wengi: baridi ni kali, lakini kamera inaweza kupata joto kupita kiasi, kwa kuwa hewa nyembamba haichukui joto lake. Usiizungushie foamu pande zote. Na kumbuka kwamba katika ukanda wa tropiki sehemu yenye baridi zaidi, karibu na kilomita 17, hufikia nyuzi 80 za selsiasi chini ya sifuri, baridi kuliko ile ya Ulaya kwenye tabaka kama hilo.

Kifaa cha GPS kichaguliwe kwa uangalifu mkubwa. Vifaa vingi vya kawaida huacha kutoa mahali vinapovuka kilomita 18, kwa sababu ya masharti yaliyowekwa zamani kuzuia matumizi ya makombora. Tafuta kifaa kinachoweza kuwekwa katika hali ya kurukia angani. Ongeza kifaa cha pili kinachotumia laini ya simu, ambacho kitanyamaza juu lakini kitaamka kikikaribia ardhi penye mtandao.

Sasa hesabu ya gesi. Tuseme boksi, mfano na parachuti vina kilo 1.15 kwa jumla, na puto lina gramu 1,200. Ili lipande kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde, unahitaji nguvu ya ziada inayokaribia uzito wa mzigo wenyewe. Maana yake, shingo ya puto ibebe kilo 2.3. Tundika kwenye bomba la kujazia gesi kidumu cha maji, uzito wa vyote pamoja ukiwa kilo 2.3, kisha jaza heliamu polepole hadi kidumu kinyanyuke na kuelea, hakipandi wala hakishuki. Hapo utakuwa umetumia takriban mita za ujazo 3.4. Puto litapanda kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na kitu, likitanuka hadi kipenyo cha zaidi ya mita 8, na kupasuka karibu na kilomita 32. Ukijaza gesi nyingi kwa tamaa ya kwenda haraka, litapasuka chini zaidi. Ukijaza kidogo mno, litaelea mbali na kukupotea. Wanaojaza wavae glovu, kwa kuwa kucha na mafuta ya ngozi hudhoofisha mpira. Haidrojeni ni ya bei nafuu, lakini hulipuka, na sipendekezi iguswe na vijana wasio na msimamizi mwenye ujuzi.

Parachuti ya kipenyo cha mita 1.2 hivi itashusha mzigo huo kwa mita 5 kwa sekunde karibu na ardhi. Huko juu, mara puto linapopasuka, mwendo hupita mita 40 kwa sekunde na boksi hupinduka ovyo. Hapo ndipo kijiti chako cha kaboni kitapata mtihani wake. Funga parachuti katikati ya kamba, ikiwa tayari wazi, na uweke kizungushio cha ndoana za uvuvi juu ya boksi ili kamba isijisokote.

Siku mbili kabla, tumia programu za kukadiria njia, zinazosoma utabiri wa upepo wa kila tabaka, na ulinganishe na vipimo vya puto la kituo cha Dagoretti Corner, Nairobi, ukiwa Kenya. Njia ikielekea baharini, ziwani au kwenye mbuga yenye wanyama, ahirisha. Andika juu ya boksi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo hilo, kwamba ni mradi wa elimu, si hatari, pamoja na nambari ya simu.

Ukifika lilipotua, mwombe ruhusa mwenye shamba kabla ya kuingia, na uijulishe mamlaka kwamba puto limeshuka. Kisha kusanya kamba yote na kila kipande cha mpira, hata vilivyonaswa mitini, kwa maana mbuzi na ng'ombe huvila na vinaweza kuwaziba matumbo.