Kupima Mto Njoro kwa Chungwa, Kamba na Chupa

Wengi hufika mtoni na mita ya pH (kipimo cha uasidi wa maji), wanachovya, wanaandika namba na kwenda zao. Namba hiyo haitakufikisha mbali kama hujui maji yanayopita ni kiasi gani.

Hatua ya 1: Chagua vituo. Njoro, nchini Kenya, hushuka kutoka msitu wa Mau Mashariki hadi Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, kwa hiyo chumvi inayoingia haina pa kwenda. Weka kituo kimoja pale msitu unapoishia, kingine chini ya mashamba. Mto uwe umenyooka mita 10, mbali na mahali watu huteka maji kwa punda (wakishuka, subiri matope yatulie).

Hatua ya 2: Vuta kamba toka ukingo hadi ukingo, upime kina kila nusu mita. Tuseme upana ni mita 4 na kina cha wastani mita 0.35: zidisha, upate mita za mraba 1.4.

Hatua ya 3: Tupa chungwa lenye ganda, juu kidogo ya alama ya kuanzia ili lishike mwendo. Huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisumbui. Chupa tupu ya soda itakudanganya. Rudia mara 5. Likitumia sekunde 25 kupita zile mita 10, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, kisha kwa 1.4. Utapata mita za ujazo 0.476, yaani lita 476 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Rekebisha mita kwa bafa (vimiminika ambavyo pH yake inajulikana) za pH 4 na 7 asubuhi hiyohiyo. Joto, pH, oksijeni na upitishaji umeme (dalili ya chumvi iliyoyeyuka) pima mtoni, si nyumbani. Tazama maji yanakotoka, suuza chupa mara tatu, ijaze chini ya uso wa maji, itie kwenye barafu. Niliwahi kuiacha moja juani ndani ya matatu. Nitrati (kirutubisho kama cha mbolea) niliyosomewa maabara ilikuwa ya chupa, si ya mto.

Hatua ya 5: Rudi mvua ikinyesha, maana udongo mwingi hupita saa hizo chache. Maji yakiwa ya kahawia na yamepita goti, usiingie. Teka kwa ndoo ukiwa darajani. Upitishaji umeme mara nyingi hushuka, kwani mvua huzimua chumvi.

Sasa zidisha. Nitrati miligramu 2 kwa lita, mara lita 476, mara sekunde 86,400 za siku, ni kilo 82 hivi kwa siku. Kiangazi, chungwa likikupa lita 40 kwa sekunde, miligramu zilezile 2 ni kilo 7 tu.