Kadi ya safari yenye ada au kadi ya bure? Piga hesabu hivi

Juzi shemeji aliniletea matangazo mawili ya kadi za mkopo nimchagulie: moja ya safari yenye ada ya kila mwaka, nyingine ya bure. Kalamu na karatasi vilitosha. Programu za kulinganisha kadi siziamini, nyingi hulipwa na watoaji wa kadi.

Hatua ya 1. Una deni la kadi linalovuka mwezi? Chukua isiyo na ada, ulipe deni. Riba humeza pointi zote, yaani zawadi unayorudishiwa kila ukilipia kwa kadi.

Hatua ya 2. Toa taarifa za benki za mwaka mzima. Tiketi na hoteli upande mmoja, mengine upande wa pili.

Hatua ya 3. Thamini manufaa. Hapa ndipo niliponasa mimi: nilijumlisha kila kilichotajwa kwenye tangazo, nikajiona nimeshazidi ada. Kumbe vocha iliyotajwa humo ilikatwakatwa kwa miezi, na ya mwezi usiyoitumia inapotea. Siku hizi naandika tu kile ambacho ningekilipia hata kama kadi isingekuwepo. Ukumbi wa mapumziko uwanja wa ndege? Kama kawaida yako ni kununua chai, andika bei ya chai, tena ukumbi ukijaa unarudishwa mlangoni. Bima ya safari mara nyingi hudai tiketi ilipiwe kwa kadi hiyohiyo. Shemeji hukatiwa tiketi na mwajiri, tukaandika sifuri, alinuna kidogo. Pointi za kujiunga ziweke kando kabisa: hutolewa mara moja, ada hurudi kila mwaka.

Hatua ya 4. Tuseme ada ni 400 na manufaa halisi 150: pengo 250. Yenye ada inarudisha asilimia 3 kwenye safari na 1 kwingine. Ya bure 1.5 kote. Kuziba pengo kwa ile ziada ya 1.5 kunataka safari za karibu 16,700 kwa mwaka, na bado hatujatoa nusu asilimia unayopoteza kwingine. Za shemeji hazikufika 4,000.

Hatua ya 5. Kadi nyingi za bure hukata karibu asilimia 3 ukilipa kwa fedha za kigeni. Tafuta isiyokata, zipo. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya kwenu, kataa.

Unayo tayari yenye ada? Tumia pointi kwanza, kisha omba benki ikushushe hadi kadi ya bure kabla ada mpya haijakatwa.