Umeme wa kiganjani huanzia kwenye tochi

Mnaotengeneza video za mashujaa kwa simu: ule umeme wa bluu wa kiganjani ukionekana feki, mara nyingi si kwa sababu ya mchoro. Shida ni uso. Radi inawaka mkononi, kidevu cha mwigizaji kiko giza vilevile! Mtazamaji analikamata hilo hata kama hawezi kulieleza.

Siku ya kurekodi, funika tochi ya simu ya pili kwa karatasi ya pipi ya bluu, ile inayopitisha mwanga. Mwigizaji aishike kiganjani ikimwelekea usoni, huku akichezesha vidole mbele ya tochi ili mwanga uwe unakatikakatika. Fanyeni hivyo jioni au chumbani, mapazia yamefungwa. Jua la saa saba litaimeza tochi yote.

Kwenye kuhariri, weka klipu ya umeme yenye mandhari nyeusi juu ya picha yako, kisha kwenye programu ya kuhariri kama CapCut au DaVinci Resolve chagua mchanganyo wa Screen. Weusi unatoweka, mwanga unabaki, na mng'ao unaificha tochi. Sasa itafute fremu (picha moja kati ya zinazounda video) ambayo uso umeangaza kuliko zote, na mlipuko wa umeme uanzie hapo hapo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hata ukichelewa fremu tatu inajulikana. Mimi hupenda fremu ya kwanza ya mlipuko iwe nyeupe kabisa.

Na mkono ukipita kwa kasi ukaacha ukungu, yaani picha yake ikafifia kingo, utie umeme wako ukungu vilevile, la sivyo utakaa kama stika.