Somo: Choo kigumu na tumbo linalosokota, hatua kwa hatua kwa chakula cha Kusini

Somo hili ni la wale wanaokaa siku tatu hata nne bila choo, wakikipata ni vigololi vikavu, na tumbo muda wote limejaa gesi na linasokota. Limefuata jiko na soko la Mtwara na Lindi. Ushauri mwingi unaosambazwa unataja matunda na nafaka ambazo Nachingwea au Tandahimba hazipatikani, na mgonjwa mwishowe anarudi kwenye sanamaki, majani ya kuharisha.

Tutenganishe mambo mawili kwanza. Kufunga choo ni kupata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kukipata kwa kujikamua, au kutoka chooni ukihisi hakijaisha. IBS (utumbo wenye hisia kali) ya aina ya kufunga choo ni hayo pamoja na maumivu ya tumbo. Kwa vigezo vya Roma vya mwaka 2016, maumivu yawe walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu iliyopita, dalili ziwe zilianza si chini ya miezi sita nyuma, na yaendane na choo kwa walau mambo mawili kati ya matatu: yanahusiana na kwenda haja, yanakuja pale idadi ya choo inapobadilika, au pale ugumu wake unapobadilika. Hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Vipimo vinafanywa ili kuondoa magonjwa mengine. Utumbo wenye IBS haujaoza wala hauna kidonda. Mishipa yake ya fahamu inahisi gesi kidogo kama maumivu makubwa, na mwendo wake haulingani. Mawazo na kukosa usingizi huuchochea, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli, na asiyeamini hivyo asimhudumie mgonjwa.

Usianze hatua hizi kabla ya kwenda hospitali ikiwa una damu kwenye choo, umepungua uzito bila kukusudia, una upungufu wa damu, homa, maumivu yanayokuamsha usingizini, una ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo mpana, au tatizo limeanza ukiwa na miaka 50 na kuendelea. Tumbo likivimba, ukatapika, na hata ushuzi hautoki, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda, popote palipo karibu penye daktari wa upasuaji. Usinywe dawa yoyote ya kuharisha njiani.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili

Daftari la kawaida linatosha. Kila siku andika ulichokula, maji uliyokunywa, saa ya choo, umbo lake na maumivu kwa alama 0 hadi 10. Umbo lina namba saba katika jedwali la Bristol: 1 ni vigololi vilivyoachana, 2 ni kipande kimoja chenye mabonge, 3 na 4 ndiyo choo kizuri, 5 hadi 7 ni laini hadi maji matupu. Andika pia dawa zote unazomeza. Vidonge vya madini ya chuma, kodeini, tramadoli, amitriptilini, baadhi ya dawa za presha na dawa za kiungulia zenye alumini hufunga choo, na mtu anaweza kuhangaika na papai miezi mingi wakati kisa kiko kwenye kidonge.

Hatua ya 2: Saa na mkao

Hii haina gharama na ndiyo inayorukwa zaidi. Utumbo mpana huamka asubuhi, na husukuma tena kila tumbo linapopokea chakula. Kwa hiyo kunywa chai au uji, kisha ndani ya nusu saa nenda chooni, haja iwepo au isiwepo. Kaa dakika 5 hadi 10, basi. Kukaa nusu saa na simu kunaweza kuleta bawasiri. Kama unatoka nyumbani saa 11 alfajiri kwenda shamba au kuwahi soko la samaki, amka dakika 20 kabla. Haja ukiibana, choo kinaendelea kunyonywa maji na wito wenyewe unafifia.

Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia vizuri. Kwenye choo cha kukaa weka miguu juu ya kigoda cha sentimita 15 hadi 20, magoti yawe juu ya nyonga, viwiko kwenye mapaja, mgongo umenyooka ukiinamia mbele. Usizuie pumzi. Tanua tumbo na ubavu kuelekea nje, legeza sehemu ya haja, ndipo usukume taratibu huku ukitoa hewa mdomoni.

Hatua ya 3: Maji

Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zaidi ukiwa unaokota korosho juani. Angalia mkojo: uwe wa njano hafifu. Asiyekunywa vya kutosha atapata nafuu akiongeza, ila anayekunywa vya kutosha tayari hatapata choo kwa kujaza ndoo nzima tumboni. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi walichopewa na daktari.

Hatua ya 4: Nyuzinyuzi, polepole

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anasikia "kula nyuzinyuzi", kesho anaanza dona, pumba, kisamvu na sahani ya maharage kwa pamoja. Siku ya tatu tumbo ni ngoma, anaacha kila kitu na kusema nyuzinyuzi hazimfai. Bakteria wa utumboni huchachua nyuzinyuzi na kutoa gesi, na wanahitaji muda kuzoea. Lengo la mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 kwa siku, lakini ongeza kama gramu 5 tu kila wiki.

Aina nayo ina maana kubwa. Zile zinazoyeyuka na kuteleza hushika maji, hulainisha choo na hazichokozi sana utumbo wa IBS. Pumba za ngano ni ngumu na mara nyingi huzidisha maumivu. Tunashauri mwenye IBS aziache kabisa.

Wiki ya kwanza: bamia au mlenda, bakuli dogo kila siku na ugali uleule uliouzoea, pamoja na kipande cha papai bivu cha kama gramu 150, ambacho kina gramu 2 hadi 3 za nyuzinyuzi. Wiki ya pili ongeza chungwa moja, ukilila na nyama yake, usilikamue juisi. Wiki ya tatu ingiza ubuyu: kijiko kimoja cha chakula cha unga mweupe, chenye takribani gramu 3 hadi 4, ndani ya uji au glasi kubwa ya maji. Ule wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari ni pipi. Wiki ya nne badili nusu ya sembe iwe dona au mtama, na mboga ya matembele au mchicha iongezeke kwenye sahani. Ugali wa muhogo si adui, ila ugali na samaki bila mboga, mchana na usiku, hauwezi kukufikisha kwenye gramu 25.

Mbaazi ziingie mwisho. Nusu kikombe cha zilizoiva kina kama gramu 5, ni nyingi, lakini zina sukari zinazotoa gesi. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, yakichemka dakika 10 mwaga tena, kisha pika mpaka zibonyee kwa vidole. Anza na vijiko vitatu vya chakula. Tui liwe jepesi. Tui zito la kwanza lina mafuta mengi, na mafuta mengi hukaza utumbo wa baadhi ya watu.

Chakula kikishindikana, famasia zina ispaghula, unga wa maganda ya mbegu wenye nyuzinyuzi zinazoteleza. Anza na kijiko kimoja cha chai mara moja kwa siku katika glasi nzima ya maji, koroga, kunywa hapohapo kabla haijawa jeli, kisha glasi nyingine. Bila maji ya kutosha inaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Isinywewe wakati wa kulala. Achanisha na dawa nyingine kwa saa mbili. Ipe wiki nne kabla ya kuihukumu.

Hatua ya 5: Vinavyovimbisha

Kama gesi bado inatesa, rudi kwenye daftari. Wanaoshukiwa kwanza ni vitunguu maji na saumu, maharage, ngano (chapati, maandazi), maziwa freshi, embe, tikiti maji na korosho. Punguza kwa wiki nne, zisizidi sita, kisha rudisha kimoja kimoja kwa siku tatu. Vingi vitarudi. Kukaa miezi ukila wali mtupu kwa hofu kunadhoofisha mwili, na choo kinafunga zaidi.

Hatua ya 6: Dawa

Makrogoli huvuta maji kwenye choo na inafaa kwa muda mrefu, ila haiondoi sana maumivu. Laktulosi ni nafuu zaidi, inachukua siku moja hadi mbili, na kwa mwenye IBS mara nyingi huongeza gesi. Bisakodili miligramu 5 usiku hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12; meza kizima, usichanganye na maziwa wala dawa ya kiungulia. Ni ya siku za kukwama. Magnesia asipewe mwenye figo mbovu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kilwa Kivinje: Shikamoo mwalimu. Ramadhani ikiingia choo kinakata kabisa. Nifanyeje bila kuacha funga?

Jibu: Marahaba. Hamisha saa ya choo: utumbo sasa unasukumwa na futari na daku, kwa hiyo kaa chooni baada ya hivyo viwili. Maji glasi mbili wakati wa kufuturu, moja kila saa mpaka kulala, mbili daku. Ispaghula iwe baada ya tarawehe, walau saa moja kabla ya kulala. Tende zisizidi tatu kama una gesi, na futari isiwe mihogo na viazi tu. Weka papai na mboga.

Nachingwea: Nina mimba ya miezi mitano, FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki) zinanifunga choo na kinatoka cheusi. Niache?

Jibu: Usiache, dada. Weusi huo hutokana na madini ya chuma. Ila kikiwa cheusi, laini na cha kunata kama lami chenye harufu kali, nenda kituoni leo. Meza pamoja na chakula, fuata hatua ya 2 hadi 4. Ispaghula na laktulosi hutumika wakati wa ujauzito. Mwambie muuguzi wa kliniki kwanza. Mafuta ya nyonyo usiguse, yanaweza kuamsha uchungu.

Mikindani: Mimi nachemsha sanamaki kila usiku, bila hiyo siendi. Ina madhara?

Jibu: Sanamaki ni dawa halisi, inachokoza misuli ya utumbo, ndiyo maana inasokota. Ya majani haina kipimo, leo kali kesho hafifu, na ukiharisha mara kwa mara unapoteza potasiamu. Usikate ghafla. Anza makrogoli au ispaghula, na sanamaki iwe siku moja ndiyo moja hapana, kisha mara mbili kwa wiki, kisha uache.

Newala: Msimu wa korosho natafuna za kuchoma siku nzima, tumbo linajaa hadi kifungo hakifungi.

Jibu: Korosho zina sukari zilezile za kwenye maharage, na kuchoma hakuziondoi. Jaribu punje tano sita kwa siku, zilizobaki badilisha na karanga, ambazo wengi wenye IBS huzivumilia.

Lindi mjini: Choo ni laini, kila siku naenda, lakini hakiishi. Wakati mwingine nasaidia kwa kidole. Naona aibu kusema hospitali.

Jibu: Ndugu, sema, maana hili lina tiba yake na si nyuzinyuzi. Mara nyingi misuli ya sehemu ya haja inakaza pale inapotakiwa kulegea, hasa kwa aliyezoea kujikamua. Kwa waliozaa, ukuta unaweza kuwa umelegea. Daktari hupima kwa kidole kilichovaa glavu huku ukiambiwa usukume, dakika moja tu. Fizioterapia hufundisha misuli kulegea. Ispaghula kwako inaweza kuongeza ujazo unaokwama palepale.

Masasi: Mtoto wa miaka minne naye anafunga. Nimpe ispaghula kidogo?

Jibu: Hapana, chini ya miaka sita asipewe bila daktari. Watoto wengi wanabana kwa sababu mara moja choo kiliwauma au wanaogopa shimo la choo. Mpe poti, miguu ikanyage chini, dakika tano baada ya uji, bila kumgombeza. Akipita wiki mbili hivyohivyo, au akianza kuchafua nguo, mpeleke. Kuchafua huko ni choo cha maji kinachopenya pembeni mwa kigumu, na watu hudhani ni kuhara.