Maji ya kisima: someni YOTE kabla ya kuuliza

Kila masika meseji ni hizo hizo, "dada maji ya kisima yananyweka?" Nimechoka wallahi, naandika mara moja.

1. Chota kwa ndoo safi.

2. Chuja. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza nimehamia Langoni mvua ilipiga maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, nami nikatia dawa ya klorini humo humo nikajiona mjanja, siku ya pili nyumba nzima tunapishana mlango wa choo. Kumbe matope yanaila klorini, dawa inakwisha kabla ya kufika kwa bakteria. Yaache yatulie, mimina ya juu polepole, yapitishe kwenye leso (kanga) kuukuu iliyokunjwa mara nne. ONYO: kuchuja si kuua! Maji yanaweza kung'aa kama kioo na kipindupindu na homa ya matumbo vimo ndani.

3. Chemsha, yakishatokota kweli kweli hesabu dakika moja. Au tia dawa kipimo cha pakiti, koroga, ngoja dakika 30.

4. Weka kwenye chombo cha kifuniko na bomba. Kata ya kuchotea isichovywe humo.

MASWALI

> Sijasoma yote, dawa natia kiasi gani?
Pakiti imeandikwa. Isome hiyo angalau.

> Kisima chetu kina chumvi, si inaua vijidudu?
Haiui. Kipindupindu hasa ndicho kinachostawi maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari. Na ukichemsha chumvi haitoki.

> Kwa nini leso kuukuu, si mpya?
Swali tamu! Nguo iliyofuliwa sana nyuzi hulegea zikatanuka, matundu yakawa madogo. Bakteria wa kipindupindu hujigandisha kwenye vidudu vya majini, ukivinasa hivyo umewanasa wengi wao. Vijijini Bangladesh walichuja kwa sari kuukuu, wagonjwa wakapungua karibu nusu. Nusu tu, ndo maana kuna hatua ya 3.

> Na mtu akishaanza kuhara?
ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, mara moja. Huna, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, hospitali usiku huo huo.

> Mamangu hutia samaki wadogo kwenye birika (tangi la kuhifadhia maji), eti wanasafisha.
Hao wanakula viluwiluwi vya mbu, wazuri sana, waache. Bakteria hawawawezi. Na wananyea humo humo bibi, kwa hiyo chemsha.