Jinsi ya kuisoma mbio kabla hujalipia, ujue nani anakuja na wewe utaangukia wapi

Mwaka juzi nilishika nafasi ya nne kwenye kilomita 21 mji mmoja wa huku kwetu nyanda za juu kusini, siutaji jina, nikarudi Mbeya nimevimba kichwa kama mtu aliyeshinda udiwani. Nikaweka medali status, mama mkwe akapiga simu kunipongeza, fundi cherehani wa pale Mwanjelwa akaanza kuniita bingwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mlikuwa wangapi. Tulikuwa 31. Miezi mitatu mbele nikashuka Dar kwenye mbio kubwa, nikakimbia dakika nne haraka kuliko ile siku, na jua lote lile, nikawa wa 212. Fundi akaniangalia kwa huruma akasema kaka umeshuka kiwango.

Sasa ndo maana naandika hii, maana naona watu wengi kwenye joging zetu wanachagua mbio kwa kuangalia rangi ya tisheti tu, afu wakishamaliza ama wanajisifia bure ama wanajilaumu bure.

Kwanza tuelewane, wingi wa watu na ukali wa mbio ni vitu viwili tofauti kabisa. Marathoni ya New York wanamaliza watu zaidi ya 50,000 na wengi wao wanapiga picha njiani. Marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo 2025, ile aliyochukua dhahabu Alphonce Simbu wetu wa Singida, wanaume kwenye mstari hawakufika mia, lakini yeye na Mjerumani Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, na wa tatu akaingia sekunde tano tu nyuma yao. Hiyo ndo maana ya mbio kali, watu wachache na hakuna pa kupumulia. Kwahiyo ukisikia "mwaka huu watakuja elfu tano" usiogope wala usifurahi, uliza elfu tano ya kina nani.

Watu wengi huvutwa na vitu vya kawaida tu, kiingilio kidogo, tisheti nzuri, msanii, kiongozi mkubwa kuja kufyatua bastola, na ofisi kulipia wafanyakazi wake wote wakakimbie kilomita 5. Wakali wanavutwa na hela. Na hapa ndo pa kuwa makini, usiishie kuangalia zawadi ya mshindi wa kwanza, angalia zawadi zinaishia wapi. Mbio inayolipa watatu tu hata kama wa kwanza anabeba mzigo mnono, kijana wa Arusha au Manyara atapiga hesabu, basi kuja Mbeya, basi kurudi, gesti na chakula, na akijua kuna wawili watatu wanaomzidi anabaki kwao. Mbio hiyohiyo ikilipa mpaka wa kumi, hata anayetegemea kuwa wa saba anapanda basi maana nauli inarudi na chenji inabaki. Yaani orodha ya zawadi ikiwa ndefu, kule mbele kunajaa. Mimi kwenye bango huwa nasoma hiyo kwanza kabla hata ya tarehe.

Afu kuna wakali wa hapahapa ambao hawahitaji nauli. Ukiona mbio iko Mafinga kumbuka pale kuna kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, Mbeya kuna Itende, na wale vijana wakipewa ruhusa wanakuja kundi zima, wanakimbia kwa mstari kama treni, unaweza kuwa wa ishirini na ukawa umefungwa na kambi moja. Ongeza wanafunzi waliotoka juzi UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Kwahiyo mbio ndogo isiyo na hela nayo inaweza kukushangaza.

Tarehe nayo inaongea. Huku mvua zikikatika kuanzia Juni ndo kila mtu anaandaa mbio yake, mashirika, makanisa, vyuo, halmashauri, mpaka unakuta wikiendi moja ina mbio mbili zilizoachana masaa matatu ya basi. Hapo kundi linagawanyika, na ukitaka kupanda jukwaani mara moja maishani nenda kwenye ile ndogo siku ambayo wakali wote wako kwenye ile kubwa. Sio dhambi. Ila ukitaka kujipima, nenda kule wanakoenda wao. Mbio inayojulikana nchi nzima kama Mbeya Tulia Marathon pale uwanja wa Sokoine inaleta wageni toka mikoa mingine, huwezi kuilinganisha na ya kusaidia zahanati ya kata hata kama zote ni kilomita 21 za Mbeya.

Umbali. Huku kwetu 42 huwa na watu wachache na hakuna anayetania, mtu wa katikati kwenye 42 ukimhamishia 21 anakuwa mtu wa mbele mbele. 21 ndo kwenye msongamano, hata Kilimanjaro Marathon pale Moshi iliyoanza 2003, nusu marathoni ndo inayobeba watu wengi kuliko marathoni yenyewe. 5 ni sherehe, nenda na watoto. Ila jihadhari na 10! Unaingia ukijua ni fupi, kumbe ndo umbali wa vijana wa sekondari, wanaondoka kama wamechokozwa nyuki. Nilishawahi kupitwa na dogo amevaa yeboyebo, sitanii, kilomita ya saba, zinalia pwata pwata nyuma yangu kama mita mia nzima kabla hajanifikia, akafika ubavuni akaniamkia "shkamoo", sikuwa na pumzi ya kuitikia, akapita.

Haya, umeshajua bango linasemaje. Sasa tafuta matokeo ya mwaka uliopita, wengi wanatuma PDF kwenye magrupu ya WhatsApp, muombe admini hata kama anajivuta. Ukiyapata usikimbilie jina la mshindi. Nenda mwisho kwanza uone wangapi WAMEMALIZA, achana na idadi ya waliojisajili, maana tangazo litasema elfu mbili na mstari wa mwisho wa karatasi unasema 640. Afu angalia wa kwanza na wa kumi wameachana dakika ngapi. Kipimo changu mwenyewe kwenye 21, wakiachana chini ya dakika tatu hiyo ni vita, waache wenyewe, wakiachana dakika ishirini hiyo ni mbio ya ndugu na marafiki na wewe mwenye 1:45 una nafasi. Halafu tafuta muda wako wewe ungeangukia mstari wa ngapi. Hapo hapo umeshapata jibu kabla hujatoa hata shilingi.

Baada ya mbio, chukua nafasi yako gawa kwa waliomaliza zidisha mia. Mimi ile ya wa nne kati ya 31 inatoka 13, ya Dar 212 kati ya 1,400 hivi inatoka 15. Umeona? Karibu sawa, wala sikushuka kiwango. Kuna wanaopenda njia nyingine, kugawa muda wako kwa wa mshindi, ile ndogo nilikimbia 1:47 mshindi 1:29, inatoka 1.2, Dar nilikimbia 1:43 mshindi 1:03, inatoka kama 1.6. Kwa hesabu hii Dar nimeharibu kabisa, na ndo ubovu wake, inategemea mtu mmoja tu aliyekuja au hakuja. Mshindi akiugua mafua asubuhi ile wewe unakuwa shujaa.

Njia ninayoiamini ni ya watu wa mizani. Chagua watu watano sita unaokimbia nao kila siku na ambao huwa wanaenda mbio zilezile, wa kwangu yupo dada mmoja wa Soweto ya hapahapa Mbeya anayenizidi dakika mbili siku zote, mwalimu wa Uyole tunayelingana, na mzee mmoja mstaafu ninayemzidi kidogo na anaichukia hiyo hali. Ukimaliza mbio angalia wao wameangukia wapi. Kama wote mmekuwa wa mia mbili, mbio ilikuwa kali, nenda kanywe soda. Kama dada wa Soweto ni wa 90 na wewe ni wa 212, baba hiyo siku ni wewe umeharibu, usisingizie ushindani. Na njia hii inakuokoa hata kwenye milima, maana muda wa huku haulinganishiki hovyo, mbio inayokupandisha toka Ipogolo kwenda Iringa mjini sio sawa na ya tambarare, na Mbeya tuko juu mita 1,700 hivi, rafiki zetu wa pwani wakija wanaanza na mwendo wa kwao, kilomita ya nne wameshika kiuno. Mlima na hewa nyepesi vinamuonea kila mtu, wewe na watu wako wa mizani mtapanda na kushuka pamoja.

Kina dada msichanganye nafasi ya jumla na ya wanawake, zihesabuni mbali. Kwenye 21 nyingi za huku wanawake ni wachache kuliko wanaume, kwahiyo unaweza kuwa wa 180 kwa ujumla na wa sita kwa wanawake, na kama zawadi zinafika kumi kuna bahasha yako pale, kuna mtu naijua habari yake alishapanda kosta kurudi Tukuyu wakaanza kuita jina lake kwenye spika. Usiondoke kabla ya kuuliza. Na makundi ya umri vilevile, miaka 50 kwenda juu wakati mwingine wako wanne.

Mbio ndogo ina shida zake nisidanganye mtu. Kundi likishachanika unakimbia peke yako kilomita kumi nzima, hakuna wa kumfukuza, maji yako mezani ila mtu wa kukupa hayupo, na ile ya watu 31 kuna makutano hapakuwa na mtu, mimi na jamaa mmoja tukasimama tunaulizana kushoto au kulia mpaka mama muuza maparachichi akatuonyesha kwa kidole. Mbio kubwa shida ni mwanzo, dakika mbili unatembea tu, kwahiyo kama hakuna chipu ya miguuni au kwenye namba, ile inayoanza kuhesabu muda wako ukivuka mstari, ujue muda wako rasmi umeshaliwa.

Siku yenyewe fika mapema, saa kumi na moja na nusu, baridi la Juni unalijua, moshi unatoka mdomoni, miguu imepakwa vaselini inang'aa. Sogea mbele uangalie chini, usiangalie sura. Ukiona mistari mitatu minne ya viatu vyepesi vilivyochakaa, vigimbi vyembamba kama mti wa mpera, hakuna simu mkononi wala spika za masikioni, wamejifunika mashuka ya kimasai na hawaongei, hapo jua imeshakuwa siku nyingine. Ukiona mstari wa mbele wanapiga selfi, kaa hapohapo. Mimi nikikuta ile ya wakali huwa narudi nyuma mistari kumi, navua sweta namkabidhi bodaboda aliyenileta, nawasha saa.