Kabla Hujalipia Pampu Kubwa: Namna ya Kupiga Hesabu ya Kuongeza Haidroliki kwenye Skidi-stia

Februari na Machi simu yangu hulia kuliko miezi mingine yote. Jua la Mombasa likishapita digrii 30 kivulini na hewa imejaa unyevu, mashine nyingi ndogo za kupakia huanza kulegea ikifika saa sita mchana, na wenyewe huuliza swali moja: "Ami, nikiweka pampu kubwa itanigharimu ngapi?" Swali ni la haki, ila limeanzia mwishoni. Bei ya pampu ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Pesa huliwa na vitu vinavyoizunguka: injini inayoizungusha, hosi zinazobeba mafuta ya haidroliki (yale yanayosukuma mikono na vifaa vya mashine, si dizeli), na joto ambalo lazima litolewe nje ya mashine. Nakupitisha kwenye hatua ninazozifuata mwenyewe, ili ukienda kwa muuzaji uwe na namba zako mkononi.

Nazungumzia skidi-stia, ile mashine fupi inayogeuka papo hapo kwa kuburuta magurudumu, ambayo hapa kwetu wengi huiita Bobcat hata ikiwa imeundwa na kampuni nyingine.

Hatua ya 1: Unatafuta nguvu au kasi?

Presha ndiyo inayotoa nguvu. Wingi wa mafuta, yaani lita kwa dakika, ndio unaotoa kasi. Ukichanganya mambo haya mawili utanunua kitu kisichokuhusu. Ndoo ikishindwa kunyanyua mzigo, kuongeza lita hakutasaidia. Shida iko kwenye presha, au mzigo wenyewe umezidi uwezo wa mashine.

Skidi-stia ya kawaida hutoa kama lita 60 hadi 90 kwa dakika, kwa presha ya baa 200 hadi 230 hivi (baa ni kipimo cha presha). Zile zenye mtiririko mkubwa kutoka kiwandani hutoa kati ya lita 100 na 150. Uma wa kubebea mizigo, ufagio, keekee ya kutoboa mashimo ya nguzo na nyundo nyingi za kuvunjia mawe hufanya kazi vizuri na mtiririko wa kawaida. Vinavyodai mtiririko mkubwa kwelikweli ni vifaa vinavyozunguka bila kupumzika chini ya mzigo: ngoma ya kukwangua lami, kifaa cha kusaga vichaka, mnyororo mkubwa wa kuchimbia mitaro.

Soma kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye kifaa. Kinaonyesha lita za chini na za juu, presha, na mara nyingi presha inayoruhusiwa upande wa mafuta yanayorudi. Nyundo iliyoandikwa mwisho lita 80 ukiipa 110 haitavunja jiwe la matumbawe haraka kwa kiasi hicho. Itachemka na kula sili zake, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje.

Hatua ya 2: Pima ulicho nacho kabla ya kununua usicho nacho

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inaniuma kila ninapoona imerukwa. Kijana mmoja wa Jomvu aliniletea mashine yake baada ya kumlipa fundi mwingine kwa pampu kubwa. Nyundo bado ilikuwa ikipiga kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kibao cha nyundo kilitaka presha ya kurudi isizidi baa 15. Nilipofunga geji kwenye mstari wa kurudi, kabla ya kapla (kiungo cha kuunganisha hosi haraka), ilisoma baa 70. Baada ya kapla, haikufika 10. Tukaifungua: valvu ndogo ya ndani ilikuwa imekwama nusu, ukingo wake umepinda, huenda iligongwa kwa nyundo ya mkono wakati mtu anailazimisha kuingia. Kapla ya ukubwa wa ngumi ya mtoto ndiyo iliyokuwa ikiinyima nyundo nguvu zake. Tulibadilisha jozi moja ya kapla, nyundo ikaamka. Pesa alizotoa kwa pampu alikuwa ameziweka kwa ajili ya matairi manne.

Basi pima hivi. Tafuta fundi mwenye mita ya mtiririko yenye valvu ya kuongeza mzigo na kinga yake ya presha. Pasha mafuta kwanza hadi digrii 50 au 60, kwa sababu mafuta baridi hudanganya. Weka injini kwenye mizunguko yake ya kazi. Soma lita bila mzigo, kisha ongeza mzigo taratibu: baa 100, 150, 200. Andika kila namba.

Lita zikipungua kidogokidogo kadiri presha inavyopanda, na kufika baa 200 umepoteza robo au zaidi, kuna uvujaji wa ndani, na pampu iliyochakaa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikikaa vizuri halafu zikaporomoka ghafla ukifika baa fulani, valvu ya usalama inafunguka mapema. Huenda spring yake imechoka au mtu ameilegeza. Zikiwa nzuri mpaka mwisho, mashine yako ni nzima, na shida iko kwenye kifaa, kwenye kapla au kwenye mafuta yanayorudi.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usitafute mahali panapovuja kwa kupapasa hosi na kiganja. Mafuta ya baa 200 yakitokea kwenye tundu la sindano hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo huku nyama ya ndani ikiharibika. Pitisha kipande cha kadibodi. Ikitokea mtu amepigwa, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Hatua ya 3: Iulize injini kama inaweza

Chukua baa, zidisha kwa lita kwa dakika, gawanya kwa 600. Unapata kilowati.

Tuseme pampu yako inasukuma sentimita 30 za ujazo kwa kila mzunguko, na injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Hiyo ni lita 75. Kwa baa 210, nguvu ni 75 × 210 ÷ 600, yaani kilowati 26. Pampu nayo hupoteza kiasi njiani, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: injini inatoa kama kilowati 31.

Sasa weka pampu ya sentimita 45. Lita zinakuwa 112. Kwa presha ileile nguvu inafika kilowati 39, na injini inadaiwa 46.

Injini nyingi za skidi-stia za ukubwa wa kati zina nguvu za farasi 60 hivi, ambazo ni kama kilowati 45. Umeona? Kifaa kikibanwa kwa presha kamili, pampu peke yake imemeza injini yote, na hakuna kilichobaki cha kusukuma magurudumu. Dereva atasikia injini ikizama kila anaposogea mbele, atapunguza mwendo, na ile kasi uliyoinunua itarudi ilikotoka. Ndiyo maana mashine za mtiririko mkubwa kutoka kiwandani kwa kawaida hutoka na injini yenye farasi zaidi.

Msimamo wangu ni huu: kama mtengenezaji wa mashine yako anauza seti ya mtiririko mkubwa kwa modeli hiyohiyo na injini hiyohiyo, endelea na hatua zinazofuata. Kama hauzi, ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko kwenye hesabu uliyoifanya sasa hivi. Hapo mimi huwashauri watu wasimamishe.

Hatua ya 4: Yafuate mafuta mpaka tangini

Shika kalamu, anza kwenye tangi, fuata njia ya mafuta yote mpaka yanaporudi. Kila kitu unachokutana nacho lazima kibebe lita mpya.

Upande wa kuvuta, hosi nyembamba huifanya pampu ikose mafuta. Utaisikia ikilia kama imemeza changarawe, na pampu mpya inaweza kuharibika mapema kabisa. Upande wa presha, hosi ya nusu inchi ikibebeshwa lita 112, mafuta hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde, wakati mafundi hupendelea yasizidi mita 6 hivi. Hosi ya robo tatu inchi hukushusha hadi chini ya mita 7. Upande wa kurudi unataka nafasi zaidi ya hapo. Kapla nazo zifuate ukubwa wa hosi, na kifaa chenye mota mara nyingi kinahitaji mstari wa tatu wa kurudisha mafuta yanayovuja ndani ya mota bila presha. Mstari huo ukisahaulika, sili ya mota inatoka mapema.

Kwa nini nasisitiza upana? Kwa sababu presha inayopotea njiani haipotei, inageuka joto. Baa 20 tu zikipotea kwenye lita 112 ni kilowati 3.7. Ni sawa na kuwasha birika mbili za umeme ndani ya tangi lako kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi. Kipoza mafuta hufanya kazi kwa tofauti ya joto kati ya mafuta na hewa. Hewa ikiwa digrii 33, kipoza kilekile hutoa joto kidogo kuliko kingetoa Limuru, kule bara kwenye baridi. Ongeza vumbi la matumbawe linaloziba mapezi yake, vile vibamba vyembamba vya kupitishia hewa, na chumvi ya bahari inayokula alumini na fitingi za chuma kwa mashine zinazolala karibu na ufuo. Mimi huweka mpaka wa digrii 82 kwa mafuta tangini. Yakizidi hapo, mafuta huwa mepesi, uvujaji wa ndani huongezeka, sili hukauka, na lita ulizozilipia hupungua zenyewe.

Kwa hiyo kabla ya pampu, osha kipoza. Maji ya presha ndogo, kutoka upande wa ndani kwenda nje, mpaka uone mwanga ukipita kati ya mapezi. Kisha fanya kazi siku nzima na upime joto la tangi kila saa kwa kipimajoto cha mwanga. Kama mashine ya kawaida tayari inafika digrii 78 saa tisa mchana, ukiongeza mtiririko bila kipoza kikubwa na feni yake, umenunua hasara. Angalia pia namba ya uzito wa mafuta, VG 46 au VG 68, kwenye jedwali la mtengenezaji kwa joto la pwani.

Hatua ya 5: Andika bei zote kwenye karatasi moja

Bei ya pampu na kiungo chake na injini. Hosi, fitingi, kapla za pande zote mbili. Kipoza na feni. Bloku ya valvu kama ya zamani haibebi lita hizo. Filta, na mafuta mapya ya kujaza mfumo wote, maana hutaki pampu mpya inywe uchafu wa pampu ya zamani. Waya na swichi. Fundi. Uliza kila muuzaji kama bei yake ina VAT ya asilimia 16 ndani, kwa sababu wengine hutaja bila. Kama kitu kinaagizwa kutoka nje, mpe wakala wako wa bandarini akupigie ushuru na ada kabla hujatuma pesa.

Halafu siku za kusimama. Mashine ikikaa karakana siku sita, ni siku sita za kukodisha zilizopotea. Ziandike kama gharama, kwa sababu ni gharama.

Hatua ya 6: Gawanya kwa saa

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme jumla imefika shilingi 640,000. Kwa kazi za mtiririko mkubwa unapata shilingi 900 zaidi kwa saa baada ya kuondoa dizeli ya ziada. Usiidharau hiyo dizeli: zile kilowati 15 tulizoziongeza kwenye hatua ya 3, injini ikibanwa muda wote, zinakunywa karibu lita 4 zaidi kwa saa, na bei yake EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huitangaza upya kila mwezi.

640,000 ukigawanya kwa 900 ni saa 711.

Ukiwa na mkataba wa kuchimba mitaro unaokupa saa 80 za aina hiyo kila mwezi, pesa inarudi ndani ya miezi tisa. Ukiwa na saa 25, unasubiri miezi 28, na ndani ya muda huo hosi zitataka kubadilishwa na kipoza kitaanza kuliwa na chumvi. Wengi wanaonijia wako kwenye kundi la pili. Kwao huwa bora kukodi mashine ya mtiririko mkubwa kwa siku chache za kazi ile, au kununua kifaa kilichoundwa kwa lita 75 na kukubali kwenda polepole kidogo.

Hesabu saa kutoka kwenye daftari lako la miezi 12 iliyopita. Usihesabu kazi ulizoahidiwa kwa simu.

Hatua ya 7: Ukiamua, fuata mpangilio huu

Kipoza kwanza, hosi na kapla pili, pampu mwisho. Ukianza na pampu na pesa zikakatika katikati, mashine itafanya kazi ikiwa hatarini. Ukianza na kipoza, hata ukiishia hapo umeifaidi. Kabla ya kufungua hosi yoyote, shusha mikono ya mashine au ifunge kwa tegemeo lake, zima injini, toa presha iliyobaki.

Pampu mpya ijazwe mafuta kabla ya kuwashwa, kisha injini izunguke polepole dakika chache bila mzigo. Rudia vipimo vya hatua ya 2 na uviandike kwenye daftari pamoja na joto la tangi. Baada ya saa 50 badilisha filta, uikate, utandaze karatasi yake juani. Ukiona chembe zinazometa za shaba au chuma, simamisha mashine siku hiyo na unipigie, au mpigie fundi wako, kabla chembe hizo hazijafika kwenye pampu za magurudumu.